Njaa, Afya na Ulafi: Historia ya Kuongezeka Uzito kwa Watumiaji wa Dawa za Saikosisi katika Viunga vya Dar es Salaam

Utangulizi

Katika Kiswahili cha mitaa ya Dar es Salaam, neno "afya" limebeba maana mbili kwa muda mrefu. Maana ya kwanza ndiyo iliyomo katika kamusi na katika jina la wizara: hali ya mwili na akili kutokuwa na maradhi. Maana ya pili hupimwa kwa macho. Mtu anayerejea kutoka safari akiwa amejaza mashavu huambiwa kwamba ana afya, kwamba amenawiri, na anayetamka hivyo hukusudia kumpongeza. Makala haya yanahusu watu ambao maana hizo mbili ziliachana ndani ya miili yao: wagonjwa wa Kinondoni na Temeke waliotumia dawa za saikosisi, yaani dawa za kutibu skizofrenia na maradhi mengine ambayo humfanya mgonjwa asikie sauti zisizokuwapo au ashikilie imani zisizolingana na uhalisia. Dawa hizo, baadhi yake kuliko nyingine, huamsha hamu ya kula na kuongeza uzito. Jambo hilo limejulikana katika majarida ya tiba tangu mwishoni mwa miaka ya 1950.

Swali linaloulizwa hapa ni la kihistoria. Kwa nini athari iliyoonekana mapema kiasi hicho, na iliyoweza kuonekana na jirani yeyote bila kipimo cha maabara, ilichelewa kuhesabiwa kuwa madhara ya dawa katika viunga vya Dar es Salaam? Jibu jepesi ni kwamba utaalamu ulikuwa haba. Jibu hilo lina ukweli wake, lakini halitoshi, kwa kuwa hata katika nchi zilizokuwa na wataalamu wengi suala hili halikupewa uzito wa kisera hadi mwanzoni mwa karne ya 21. Hoja ya makala haya ni kwamba njaa ya mgonjwa ilionekana na ilisikika. Ila jiji lilikuwa tayari na namna zake za kuieleza njaa, na kila namna ilikuwa na historia yenye nguvu kuliko maelezo ya daktari. Njaa ilielezwa kuwa umaskini, au dalili ya kupona, au tabia mbaya. Nafasi ya kuielezea kuwa kazi ya dawa ilikuja mwisho. Ushahidi unaotumika ni wa aina tatu: tafiti za kitabibu zilizochapishwa, historia ya chakula na maradhi katika jiji, na lugha yenyewe.

Kutoka Lutindi hadi Muhimbili

Huduma ya kitaasisi kwa wagonjwa wa akili katika eneo ambalo sasa ni Tanzania Bara ilianza Lutindi, katika milima ya Usambara, ambako wamisionari wa Kijerumani walipokea wagonjwa mwanzoni mwa karne ya 20 katika kituo kilichokuwa awali cha watoto yatima waliookolewa utumwani. Serikali ya Waingereza ilianzisha hospitali ya Dodoma mwaka 1927, ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Mirembe. Jina hilo liliingia katika lugha ya kila siku kiasi kwamba hadi leo mtu wa Tandika au Mwananyamala anayetaka kusema kwamba fulani amerukwa na akili husema tu kwamba anafaa kupelekwa Mirembe. Umbali wa Dodoma ulikuwa sehemu ya tiba na sehemu ya adhabu. Mgonjwa aliondolewa machoni pa mtaa, na alichokula huko hakikuwa siri ya sufuria ya nyumbani kwao.

Katika kipindi hicho cha hospitali za kufungia, kunenepa kulikuwa habari njema kila mahali duniani. Manfred Sakel wa Vienna alipotangaza katika miaka ya 1930 tiba ya kumzimisha mgonjwa kwa insulini, wagonjwa walinenepa, na madaktari wengi walihesabu kilo hizo kuwa dalili ya kupona. Historia hii inastahili kukumbukwa kwa sababu insulini yenyewe ni homoni inayohusika na matumizi na uhifadhi wa chakula mwilini. Hivyo tiba ya maradhi ya akili ilikuwa imekwisha kugusa mfumo wa njaa na shibe miongo miwili kabla ya dawa za saikosisi kupatikana, na iliugusa pasipo kuuliza maswali mengi.

Klopromazini ilitengenezwa katika maabara ya kampuni ya Rhône-Poulenc nchini Ufaransa mwezi Desemba 1950. Mwaka 1952 Jean Delay na Pierre Deniker wa hospitali ya Sainte-Anne, Paris, walieleza matumizi yake kwa wagonjwa wa akili. Haloperidoli ilifuata mwaka 1958 kutoka maabara ya Paul Janssen nchini Ubelgiji, na katika miaka ya 1960 zikaja sindano za flufenazini zinazokaa mwilini kwa majuma kadhaa. Kwa Dar es Salaam, maana ya dawa hizi ilikuwa kubwa kuliko kemia yake. Hospitali iliyofunguliwa mwaka 1956 kwa jina la Princess Margaret, na ambayo baada ya Uhuru ikawa Muhimbili, ilipata kitengo cha maradhi ya akili katika miaka ya 1960. Na kwa vidonge na sindano iliwezekana mgonjwa atibiwe jijini na arudi kulala kwao. Tiba ikahama kutoka kwenye ukuta wa taasisi ikaingia katika kaya. Pamoja nayo ikahama njaa.

Hatua ya kati ilikuwa ya vijiji vya kilimo vya wagonjwa wa akili, vilivyoanzishwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 katika roho ya siasa ya ujamaa, kikiwamo Vikuruti, nje ya Dar es Salaam. Fikra ilikuwa kwamba jembe na jumuiya hurudisha utu wa mgonjwa. Waandishi wengi wamevijadili vijiji hivi kama suala la itikadi au la gharama. Vinaweza pia kusomwa kwa jicho la mizani. Mgonjwa anayemeza klopromazini na kulima tangu alfajiri hutumia nguvu nyingi za mwili. Mgonjwa anayemeza dawa ileile na kushinda kibarazani Keko au Tandale, amelegezwa na usingizi wa dawa na hana ajira, hutumia kidogo sana. Dawa haikubadilika kati ya mahali hapo pawili. Kilichobadilika ni siku ya mgonjwa.

Mwaka 1977 Shirika la Afya Duniani lilichapisha orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu, na klopromazini, flufenazini na haloperidoli zote zilikuwamo. Kuanzia mwaka 1980 Tanzania, kwa msaada wa shirika hilo na wa Denmark, ilijaribu mpango wa kupeleka huduma za afya ya akili katika ngazi ya msingi, ikianzia mikoa ya Kilimanjaro na Morogoro. Tathmini ya Kilonzo na Simmons (1998) inabaki kuwa maelezo muhimu ya juhudi hizo. Katika mijadala ya miaka hiyo madhara yaliyoshughulisha akili za wauguzi na madaktari ni yale ya misuli na mwendo: kutetemeka, kukakamaa shingo, macho kupinduka, udenda. Ilikuwa haki yashughulikiwe. Yalitisha familia, yalimfanya mgonjwa achekwe barabarani, na yalikuwa na dawa yake, yaani kidonge cha benzheksoli. Njaa haikuwa na kidonge chake. Yawezekana sana kwamba madhara yasiyo na tiba ya kuagizwa huwa vigumu kupata hata mstari wake katika faili.

Miaka ya unga wa yanga

Haiwezekani kuelewa namna kilo za mgonjwa zilivyosomwa bila kuelewa kilo za watu wengine. Ukame na misukosuko ya uchumi ya mwaka 1974 na 1975 ilileta nchini mahindi ya njano ya msaada, na wakazi wa Dar es Salaam waliuita unga wake "yanga" kwa kufananisha rangi yake na jezi za Young Africans. Uhaba uliorudi mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera, ulikuwa mkali zaidi: foleni za unga, sukari na sabuni, maduka yenye rafu tupu, na mwaka 1983 kampeni dhidi ya wahujumu uchumi. Mshahara wa mwezi haukufika katikati ya mwezi. Watumishi walilima mihogo na mchicha pembezoni mwa jiji ili waishi.

Katika mazingira hayo kitambi kilikuwa cheti. Kilionyesha kwamba mwenye nacho ana njia, ana ndugu serikalini, au ana biashara ambayo haikukamatwa. Neno "njaa" nalo lilipanuka. Likawa na maana ya kukosa fedha, na hadi leo kijana wa Mbagala akisema ana njaa, msikilizaji hafikirii tumbo lake peke yake. Anaweza kufikiria mfuko wake. Ndipo ilipoanza shida ya mawasiliano ambayo ni kiini cha makala haya. Mgonjwa aliyemwambia muuguzi kwamba ana njaa sana tangu aanze dawa alitumia neno ambalo jiji zima lilikuwa likilitumia kwa sababu nyingine. Muuguzi, ambaye naye alikuwa na njaa ya aina ile ya pili, alikuwa na kila sababu ya kusikia malalamiko kuhusu umaskini.

Kulikuwa pia na kanuni ya nyumbani isiyohitaji mwandishi, kwamba dawa kali hutaka chakula na kwamba hamezi mtu dawa kwenye tumbo tupu. Kanuni hii ilitangulia dawa za saikosisi na inatumika kwa dawa za malaria na kifua kikuu pia. Kwa kanuni hiyo, kula sana baada ya kumeza klopromazini hakukuhitaji maelezo. Ilikuwa ndivyo inavyotakiwa.

Ukondefu kama hukumu

Kama uhaba ulifanya unene uwe sifa, janga la UKIMWI lilifanya ukondefu uwe hukumu. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, ambako ugonjwa uliitwa Juliana. Ng'ambo ya mpaka, Uganda, uliitwa kwa neno la Kiingereza lenye maana ya wembamba. Dar es Salaam ilikuwa na misemo yake, kama ule wa kukanyaga miwaya. Majina yalitofautiana lakini jicho lilikuwa moja. Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 hadi tiba ya kupunguza makali ya virusi ilipoanza kutolewa katika vituo vya umma mwaka 2004, mtu aliyekonda ghafla alianza kusemwa kabla hajapimwa.

Mgonjwa wa skizofrenia aliyerudi mtaani akiwa mwembamba alikuwa katika hatari ya kubeba minong'ono miwili kwa pamoja, wa kichaa na wa UKIMWI. Dawa ikimnenepesha, mnong'ono mmoja ulikufa wenyewe. Familia iliyotembea miezi kadhaa kati ya mganga na hospitali, ikauza redio na baiskeli, ingeyaonaje mashavu yaliyojaa isipokuwa kama jibu la dua? Wataalamu wanaoandika leo kwamba jamii "haikuwa na uelewa" wa madhara ya unene husahau kwamba kwa miaka 20 unene ulifanya kazi halisi ya kumlinda mgonjwa. Kuuita ujinga ni kuwaonea watu waliosoma miili kwa alfabeti pekee iliyokuwa mezani.

Safari kati ya mganga na hospitali haikuwa jambo la pembeni. Ngoma, Prince na Mann (2003) waliwalinganisha watu waliohudhuria zahanati na vituo vya afya na wale waliohudhuria kwa waganga wa jadi mjini Dar es Salaam, wakakuta maradhi ya kawaida ya akili kama sonona na wasiwasi kwa asilimia 24 ya kundi la kwanza na asilimia 48 ya kundi la pili. Maradhi hayo si saikosisi, na takwimu hizo hazipaswi kuhamishwa ovyo. Hata hivyo zinaonyesha kwamba tiba mbili ziliishi ubavu kwa ubavu, na tiba ya mganga ilikuja na miiko ya chakula: hiki usile, kile kula kwa siku kadhaa. Katika tiba hiyo, chakula kilikuwa sehemu ya maelekezo. Hospitalini mgonjwa aliondoka na karatasi ya vidonge. Kuhusu kula, mganga alikuwa na la kusema zaidi.

Leptini, ghrelini na kufuli la histamini

Wakati viunga vya Dar es Salaam vikisoma miili kwa namna hiyo, maabara za mbali zilikuwa zikitafuta lugha ya njaa. Mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake katika Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, walitangaza ugunduzi wa leptini, homoni inayotolewa na tishu za mafuta na kuupelekea ubongo taarifa za akiba ya mwili. Mwaka 1999 watafiti wa Japani, Kojima na Kangawa pamoja na wenzao, waligundua ghrelini, inayotolewa hasa na tumbo na kupanda kabla ya mlo. Kwa mfano wa nyumbani, leptini ni mtu anayehesabu magunia ghalani, na ghrelini ni mtoto anayegonga sahani. Zote mbili hupeleka habari katika haipothalamasi, sehemu ndogo chini ya ubongo inayoratibu njaa na shibe.

Mwaka huohuo wa 1999 Allison na wenzake walichapisha nchini Marekani uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi na kukadiria ongezeko la uzito baada ya wiki 10 za dawa kwa vipimo vya kawaida. Klozapini ilikadiriwa kilo 4.45, olanzapini kilo 4.15, risperidoni kilo 2.10, na haloperidoli kiasi cha kilo 1 tu. Utafiti mkubwa wa Lieberman na wenzake (2005) uliwakuta watumiaji wa olanzapini wakiongezeka karibu kilo 1 kila mwezi. Kati ya tarehe hizo mbili mamlaka za nchi tajiri zilianza kuchukua hatua: Japani ilitoa tahadhari ya kisukari mwaka 2002, Marekani ikaagiza tahadhari kama hiyo kwa kundi zima la dawa mpya mwaka 2003, na mwaka 2004 vyama vya kitaalamu vya Marekani vikakubaliana kwamba mgonjwa apimwe uzito, kiuno, shinikizo la damu, sukari na mafuta tangu mwanzo wa tiba.

Swali la njia, yaani dawa hufanyaje hivyo, lilijibiwa nusunusu. Dhana ya kwanza ilikuwa kwamba dawa huvuruga homoni zenyewe. Leptini kweli hupanda kwa wagonjwa walionenepa, lakini kwa sehemu kubwa hupanda kwa kuwa mafuta yameongezeka. Ni matokeo kabla ya kuwa chanzo, na ubongo haufuati tena taarifa yake kama ulivyotakiwa. Kuhusu ghrelini tafiti zimepingana, nyingine zikiikuta juu na nyingine chini. Maelezo yenye nguvu zaidi yametoka katika vipokezi vya ubongo. Kroeze na wenzake (2003) walionyesha kwamba kadiri dawa inavyoshikamana na kipokezi cha kwanza cha histamini, ndivyo inavyotarajiwa kuongeza uzito. Na mwaka 2007 maabara ya Solomon Snyder katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins ilionyesha kwa panya kwamba dawa hizo, kwa kupitia kipokezi hicho, huwasha kimeng'enya cha haipothalamasi ambacho kwa kawaida huzuiwa na leptini. Kwa lugha nyingine, mhesabu magunia anaendelea kupaza sauti kwamba ghala limejaa, lakini mlango wa ofisi umefungwa kwa kufuli.

Maelezo haya yana maana maalumu kwa Dar es Salaam kwa sababu yanavunja mgawanyo wa dawa "za zamani" na "za kisasa". Haloperidoli na flufenazini, zilizokuwa nguzo za kliniki za umma, hazishikamani sana na kipokezi cha histamini, na uzito unaoongezwa nazo ni mdogo. Klopromazini, ambayo ni ya zamani kuliko zote, hushikamana nacho kwa nguvu. Ndiyo sababu huleta usingizi na njaa. Kwa hiyo ufukara wa ghala la dawa uliwakinga wagonjwa wa Temeke na klozapini, na wakati huohuo uliwaacha na klopromazini. Wagonjwa wawili wa mtaa mmoja, mmoja wa sindano ya kila mwezi na mwingine wa vidonge vya usiku, wangeweza kuwa na matumbo mawili tofauti kabisa, na tofauti hiyo ikahesabiwa kuwa ya tabia.

Sufuria

Tabia ndiyo neno lililoumiza. Maelezo ya umaskini na maelezo ya kupona yalikuwa na huruma ndani yake. Maelezo ya tatu hayakuwa nayo. Kaya ya kawaida ya viunga hivi hupika kwa kipimo. Kilo ya unga hugawiwa kwa vichwa, mboga hupimwa kwa kijiko, na mwisho wa mwezi kipimo hupungua bila kutangazwa. Katika kaya hiyo mtu mzima asiye na kazi anayerudi jikoni mara ya tatu, au anayeamka usiku kutafuta kiporo kilichowekwa kwa ajili ya chai ya watoto, haonekani kuwa na madhara ya dawa. Huonekana mlafi. Kiswahili kina ukali wa pekee kwa neno hilo: ulafi ni aibu ya mtu na ya waliomlea, nao watoto hukanywa dhidi yake kabla hawajajua kuhesabu.

Hali hiyo huwa tete zaidi mwezi wa Ramadhani katika mitaa yenye Waislamu wengi kama Tandika au Mwananyamala. Sheria ya dini inamruhusu mgonjwa kula mchana, lakini ruhusa hiyo hutegemea ugonjwa unaokubaliwa na wanaotazama. Mwenye homa hahojiwi. Mwenye mwili mnene, aliyetulia kwa dawa, akionekana na andazi saa nane mchana, hana dalili ya kuonyesha.

Hapa ndipo jambo linapokuwa zito kuliko suala la mizani. Njia fupi ya kuondokana na njaa inayoitwa ulafi ni kuacha kidonge, na kuacha kidonge hurudisha sauti. Kwa mtazamaji wa nje, mgonjwa huyo "ameacha dawa bila sababu". Iseselo na Ambikile (2017), katika uchunguzi wao wa wagonjwa, walezi na watoa huduma mjini Dar es Salaam, waliandika juu ya madhara ya dawa, ugumu wa kufuata tiba na upatikanaji wa dawa unaosuasua kuwa changamoto zinazofungamana. Ufungamano huo unapaswa kusomwa pamoja na sufuria. Kaya isiyo na unga wa kutosha haiwezi kulea dawa inayoongeza njaa, hata dawa hiyo itolewe bure kwa mujibu wa msamaha wa ada ambao wagonjwa wa akili waliwekewa tangu uchangiaji wa gharama ulipoanza mwaka 1993. Msamaha ulifuta bei ya kidonge. Haukugusa bei ya sahani ya pili.

Jiji linanenepa

Ugumu wa mwisho wa historia hii ni kwamba mgonjwa hakunenepa peke yake. Villamor na wenzake (2006), wakitumia takwimu za wajawazito waliohudhuria kliniki za Dar es Salaam, walionyesha kwamba unene uliokithiri ulipanda kutoka asilimia 3.6 mwaka 1995 hadi asilimia 9.1 mwaka 2004. Aspray na wenzake (2000) walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba kisukari kilikuwa asilimia 5.9 kwa wanaume na 5.7 kwa wanawake wa Ilala, wakati katika kijiji cha Shari, Kilimanjaro, kilikuwa asilimia 1.7 na 1.1. Unwin na wenzake (2010) waliwafuatilia watu waliohama kutoka Morogoro vijijini kuja Dar es Salaam na kukuta kwamba katika miezi 12 waliongezeka zaidi ya kilo 2. Mafuta ya kukaangia, soda, chipsi mayai, daladala badala ya miguu: jiji lilifanya kwa mwaka mmoja sehemu ya kazi ambayo olanzapini ingeifanya kwa wiki kumi.

Takwimu hizi zinaweza kutumika vibaya. Zinaweza kusemwa kuthibitisha kwamba unene wa wagonjwa ni unene wa wote na hauhitaji maelezo ya pekee. Usomaji huo haukubaliki, kwa sababu athari hizi hujumlishana, na mgonjwa wa akili huingia katika jiji linalonenepesha akiwa na kufuli la histamini tayari mlangoni. Zinachothibitisha ni kwamba kipindi ambacho unene ulikuwa adimu kiasi cha kuwa cheti kilikwisha katikati ya miaka ya 1990, wakati jicho la mtaa liliendelea kutumia kipimo cha miaka ya 1980. Ndani ya pengo hilo kisukari kilipata nafasi.

Mwaka 2012 Manispaa ya Kinondoni ilihesabiwa kuwa na watu 1,775,049 na Temeke watu 1,368,881, na huduma ya maradhi ya akili kwa umati huo ilikuwa imeshushwa kutoka Muhimbili hadi hospitali za Mwananyamala na Temeke. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 ilikuwa imekwisha kutungwa. Hataza ya olanzapini nchini Marekani ilikuwa imemalizika mwaka 2011, na dawa iliyokuwa ya matajiri ikawa inatengenezwa kwa bei nafuu, hasa nchini India. Ambikile na Iseselo (2017), katika uchunguzi wao mwingine uliohusu hospitali ya Temeke, walikuta watoa huduma wakizungumzia upungufu wa dawa, wa watumishi na wa majengo. Mahali ambapo klopromazini yenyewe huisha kabla ya robo mwaka kuisha, kuuliza kiuno cha mgonjwa kina sentimita ngapi kulionekana anasa.

Hata hivyo mizani haikuwa kifaa kigeni katika hospitali hizo. Kadi ya kliniki ya mtoto ilikuwa imewafundisha akina mama wa nchi nzima, tangu miaka ya 1970, kusoma mstari wa uzito unaopanda na kuogopa unaoshuka. Kliniki za tiba ya virusi vya UKIMWI zilizoanza mwaka 2004 zilimpima mgonjwa uzito kila anapohudhuria na kuuandika katika kadi yake. Katika mifano yote miwili mizani ilinunuliwa ili kukamata kupungua. Haikutokea kadi ya kliniki ya akili iliyojulikana mitaani kwa namna hiyo, wala mstari ambao mlezi alifundishwa kuuogopa unapopanda.

Dawa moja inayoweza kupunguza ongezeko hilo haikuwa mbali pia. Wu na wenzake (2008) waliwagawa wagonjwa 128 nchini China katika makundi na kuonyesha kwamba metformini, hasa ikiambatana na mabadiliko ya mlo na mazoezi, hupunguza uzito ulioletwa na dawa za saikosisi. Metformini ni kidonge cha kawaida na cha bei ndogo katika kliniki za kisukari, na kliniki hizo zilikuwapo Temeke na Mwananyamala, ndani ya uzio uleule wa hospitali. Mgonjwa wa akili aliweza kuifikia, lakini kwa mlango wa pili: baada ya kuugua kisukari, akiwa na faili jingine, siku nyingine ya kliniki, mbele ya daktari ambaye alimkuta tayari ana afya, kwa maana ile ya mtaani.